Nyuso Kama za Simba

Maandiko: Mwanzo 49:1–28, Kumbukumbu la Torati 33:20, 1 Mambo ya Nyakati 12:8–15, Yakobo 3:9–10



Wapendwa, tangu ile sherehe ya watoto ya kufunga muhula, simu yangu haijalala. Wengine mmenipigia usiku, wengine mmenitumia picha, na mama mmoja alinisimamisha hapo kando ya barabara ya Webuye–Kitale, malori yakipita, akaniuliza kama siku hizi kanisa limeanza kuabudu wanyama. Kwa hivyo leo sitazunguka. Tutaongea juu ya rangi. Tutaongea juu ya watoto wetu waliorudi nyumbani na sura za simba, chui, paka na sungura, na yule mmoja aliyekataa wanyama wote akataka buibui wa katuni.

Kwa wale ambao hawakuwepo: dada yetu mmoja wa shule ya Jumapili ana kipaji cha kuchora. Katikati ya wiki yuko chuoni. Wikendi anaitwa kwenye sherehe za kuzaliwa, Webuye, Bungoma, hata Kitale, zile sherehe zenye keki, jumba la hewa la kurukia, na meza moja pembeni ya mtu wa kuwachora watoto nyuso. Analipwa kwa kila mtoto, na karo yake inatoka hapo. Kwetu alichora bure. Watoto karibu arobaini, tangu saa nne hadi saa nane, hata chai hakunywa. Wiki iliyofuata wazee wawili na kukhu mmoja wakaja kwangu wakitaka aondolewe katika idara ya watoto.

Hawakuja mikono mitupu, walikuja na Biblia, na mtu akija na Biblia lazima ajibiwe kwa Biblia.

Mzee wa kwanza alinifungulia Walawi 19:28. Ni kweli, pale Bwana anawakataza Israeli kuchanja miili yao kwa ajili ya wafu na kujitia alama. Lakini soma mstari wote, mzee wangu. Alama zile zilikuwa za kukaa, na chale zile zilikuwa na maiti nyuma yake. Simba wa dada yetu alikuwa wa maji na sabuni, na wengi wao walitoweka kabla ya ugali wa jioni. Mzee wa pili akaniletea Yezebeli, 2 Wafalme 9:30, aliyejipaka macho rangi siku Yehu alipofika Yezreeli. Nikamwuliza: papa, tukianza na wanja, kwaya itabaki na nani? Akacheka, nami nikacheka. Yezebeli hakuhukumiwa kwa sababu ya wanja. Rudi 1 Wafalme 21 uone damu ya Nabothi.

Hoja ya kukhu ndiyo nzito, nami siitupi. Yeye hakuwa na mstari, alikuwa na kumbukumbu. Alisema: mimi nilipoona mtoto amepakwa usoni, moyo wangu ulienda mtoni. Mnajua anachosema. Hapa kwetu, kila Agosti ya mwaka wa pili, 2022, 2024 na kuendelea hivyo, kijana anapelekwa mtoni alfajiri na baridi yake, anapakwa matope mwilini, kisha anarudishwa nyumbani kwa nyimbo kuukabili wembe. Wengi wetu tuliookoka tumechagua njia ya hospitali kwa watoto wetu, tukakaa nao wakipona, tukiwafundisha Neno. Hatukuchagua hivyo kwa sababu matope ni mabaya. Matope ni udongo, na udongo ndio Mungu aliotuumbia. Tulichagua kwa sababu ya maneno yanayosemwa juu ya kijana, na wale wanaoitwa kuyashuhudia maneno hayo.

Kwa hivyo, kukhu, niangalie. Juu ya rangi hii ya watoto, nani alisema neno gani? Nani alimkabidhi mtoto kwa nani? Mimi nilisimama karibu na ile meza. Dada alisema tu: funga macho, usicheke, masharubu yatapinda.

Na nyinyi akina baba msiniangalie hivyo. Ziko jezi za Ingwe ndani ya kabati zenu. Klabu ile ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, leo ni AFC Leopards, na nimewaona watu wa kanisa hili wakitoka uwanja wa Bukhungu, Kakamega, nyuso nusu buluu nusu nyeupe, wakijiita chui. Hakuna aliyekuja kwangu kuwaombea. Ingawa siku ile ya kufungwa na Gor Mahia, jamani, maombi mlihitaji.

Paulo aliligusa jambo la namna hii katika 1 Wakorintho 10. Nyama inauzwa sokoni, Mkristo anataka kununua, anaogopa isije ikawa imetoka kwa sanamu. Paulo anamwambia anunue, ale, asiulizeulize, kwa kuwa dunia yote ni ya Bwana. Lakini mwenzake akimwambia hii ilitolewa sadaka, basi aache, kwa ajili ya dhamiri ya yule mwenzake. Mnaona vile ameweka? Mwenye uhuru asimcheke mwenye hofu, na mwenye hofu asimhukumu mwenye uhuru. Mzazi ambaye dhamiri yake inakataa, mtoto wake hatapakwa, na hakuna atakayemwita mshamba. Mzazi anayeruhusu, hakuna atakayemwita mchawi. Na dada yetu anabaki katika idara ya watoto. Hilo nimelimaliza.

Lakini si hilo lililoniamsha usiku.

Iko nyumba moja, na mama wa hapo ameniruhusu niseme, bila jina, na nyinyi msianze kuhesabu maboma. Kuna msichana wa miaka minane. Ana kovu la moto shavuni, alimwagikiwa na chai akiwa mdogo. Siku ya sherehe watoto wengine walikuwa wanabadilisha mawazo kila dakika: simba, hapana, paka, hapana, sungura. Yeye alikuja akijua. Alitaka chui. Dada akampaka njano, akamwekea madoa meusi uso wote.

Jioni alikataa kuoshwa. Akalala nayo. Kesho yake akakataa tena, akajifungia. Shavu likaanza kumwasha na kuvimba. Karai la maji likiletwa anapiga kelele kama anayechinjwa. Majirani wakasema ni pepo la chui, na usiku wa pili nikaitwa nije kukemea.

Nilikwenda. Niliomba watu watoke nje, akabaki mama yake. Nikaketi kwenye mkeka. Sikukemea chochote, kwa maana niliona mtoto, sikuona pepo. Najua wengine hamtapenda kusikia hivyo. Sisi ni kanisa la Roho, tunaamini pepo wapo na wanatoka kwa jina la Yesu, na kwa sababu hiyohiyo lazima tujue kutofautisha. Ukimkemea mtoto mwenye uchungu kana kwamba ana pepo, umemwongezea jina lingine juu ya yale aliyo nayo.

Tulikaa. Chai ikaletwa, ikapoa. Baada ya muda mrefu akaniambia mwenyewe, kwa sauti ndogo: Chui ana madoa mengi. Langu halionekani. Kisha akasema: Nikioshwa nitakuwa nyani tena.

Nikamwangalia mama yake. Mama akaangalia chini.

Nyani ndilo jina lake pale bomani. Alianza mjomba mmoja, kwa utani, mtoto akiwa na miaka mitatu na kidonda kimekauka vibaya. Watu wakacheka. Binamu wakalichukua, likaenda hadi darasani. Miaka mitano anaitwa hivyo, na watu wa nyumba ile wanaimba sifa hapa kila Jumapili.

Kanisa, kwa ajili ya chui wa siku mbili mmenipigia simu hadi saa sita ya usiku. Kwa ajili ya nyani wa miaka mitano sikupigiwa hata moja.

Hebu mniambie kama nadanganya. Mtoto akichelewa dukani: kobe huyu. Akila sana: fisi. Akishindwa hesabu: punda wewe. Akichafua nguo: nguruwe. Akilia: mbwa huyu, nyamaza. Tunasema asubuhi, na saa tatu tuko hapa mikono juu. Yakobo 3 anashangaa jambo hilohilo, kwamba ulimi mmoja unamhimidi Baba na unawalaani watu walioumbwa kwa mfano wake. Hasemi wanaolaani ni wapagani. Anawaandikia ndugu zake.

Wazee wetu hawakuwa wapumbavu katika kutaja majina. Wafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Simiyu ni wa kiangazi, Wanjala alizaliwa wakati wa njaa. Jina lilisema ulikuja lini, watu walikuwa katika hali gani. Hata Wanjala haikuwa tusi, ilikuwa ni kusema: ulitukuta na shida, na bado tulikupokea. Haya majina mapya ya jikoni yametoka wapi?

Mtu mmoja aliniambia juzi: lakini Mchungaji, hata Yakobo alimwita mwanawe punda. Nikamwambia vizuri, tufungue Mwanzo 49.

Yakobo anakaribia kufa. Anawaita wanawe wote, na mzee yule anaanza kuwapa nyuso za wanyama. Yuda ni mwanasimba. Isakari ni punda mwenye nguvu. Dani ni nyoka wa kando ya njia, Naftali ni ayala aliyefunguliwa, Benyamini ni mbwamwitu. Macho yake yamefifia, lakini angalia vile anawaona hawa watu! Miaka yote ile alikuwa anawatazama. Isakari hakuitwa punda siku alipoanguka mtihani, katikati ya hasira, mbele ya wageni. Baba yake alimwona ni mtu wa kubeba mzigo, akamwona analala chini ya mzigo, akaona pia hatari yake, kwamba kwa kupenda pumziko ataishia kuwatumikia wengine. Hilo ni neno la baba anayemjua mtoto. Sisi tunasema punda kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo.

Na Simeoni na Lawi, waliomwaga damu kule Shekemu? Hapo mzee anakemea kwa ukali. Lakini soma mstari wa 7 polepole. Alichokilaani ni hasira yao. Hakuwalaani wao. Ukifika mstari wa 28 unaambiwa aliwabariki wote, kila mtu kwa baraka iliyomfaa. Mzazi, mtoto akiiba sukari, laani wizi. Usimwite panya.

Kuna jambo jingine ningetaka mlijue, halimo katika Biblia lakini ni la kweli. Mwaka 1969 mwanamke mmoja mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha kazi aliyofanya na watoto wa miaka mitatu hadi sita. Alikuwa na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto walimshika, wakampapasa, wakakubali ni paka. Kisha paka akavishwa kinyago cha uso wa mbwa, mkia na mgongo vikionekana muda wote, na watoto wakaulizwa: sasa ni mnyama gani? Wale wa miaka sita kwa kawaida walijua ni paka bado, amevalishwa tu. Wale wadogo wa miaka mitatu, wengi walidhani amekuwa mbwa kweli.

Ndiyo maana mtoto mchanga analia akimwona dada yake amekuja na sura ya simba. Haoni rangi. Anaona dada ameondoka na simba ameingia. Msimcheke wala msimsukumie karibu mpate video ya kutuma. Na nikawaza zaidi: kama mtoto wa miaka mitatu anaamini kwamba kilichowekwa juu ya uso ndicho kiumbe chenyewe kimekuwa, je, neno linalowekwa juu yake kila siku na watu wazima anaowaamini? Yule msichana wetu alikuwa na miaka mitatu mjomba alipoanza. Hakusikia utani. Alisikia habari.

Sasa twende kwa Gadi, kwa maana hapa ndipo nilipopata nguvu.

Katika Mwanzo 49 Gadi hakupewa mnyama. Aliambiwa tu kwamba atashambuliwa na kikosi, naye atawarudia kwa nyuma. Lakini Musa, karibu na kufa kwake, katika Kumbukumbu 33:20, anamsema Gadi kama simba. Neno limetamkwa. Musa amezikwa. Yoshua amekuja na kuondoka, waamuzi wamepita, Sauli ameketi enzini, na Daudi anajificha nyikani kama mtu asiye na kwao. Fungua 1 Nyakati 12. Wanakuja watu wa kabila la Gadi kumuunga mkono, kumi na mmoja wametajwa kwa majina, na mwandishi anapowaeleza anasema nyuso zao zilikuwa kama nyuso za simba, na wepesi wao kama paa wa milimani. Mstari wa 15 unaongeza kwamba walivuka Yordani mwezi wa kwanza, wakati mto umefurika kingo zote. Nyinyi mnaujua Nzoia wakati wa masika, pale Nabuyole maji yanavyonguruma. Nani anavuka maji ya namna hiyo kwenda kwa mtu anayewindwa na mfalme?

Hakuna aliyewapaka rangi asubuhi ile. Lakini babu zao waliambiwa, wakaambia watoto, watoto wakaambia watoto. Hilo ni somo langu mimi, Biblia haielezi walivyolelewa. Naona tu neno liko upande huu na uso uko upande ule, na katikati kuna vizazi vingi vya watu wa kawaida wakilea watoto.

Mtaniuliza yule mtoto yuko wapi. Tulimwosha usiku ule, kwa mafuta kwanza, polepole, mama yake akishika kioo kwa sababu alitaka kuona. Kesho yake alipelekwa kutibiwa, akapewa dawa, na uvimbe umeshuka. Mjomba nilimwita. Alisema ulikuwa utani, nikamwambia asiniambie mimi. Alimwita mtoto kwa jina lake mara moja, nikiwa hapo, akaomba msamaha akiwa amesimama mlangoni. Mara moja ni kidogo ukiiweka karibu na miaka mitano. Jumapili iliyopita mtoto hakuja kanisani. Leo pia sijamwona. Naomba msiende kumwangalia kwa makundi.

Nimekaa pia na dada yetu juu ya rangi yenyewe, kwa maana ngozi ya mtoto si ukuta. Yeye anatumia rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya ngozi, na nimeziona. Lakini kwenye sherehe za mtaani kuna watu wanatumia rangi za shule, kalamu za wino mzito, hata rangi ya nyumba iliyochanganywa na maji. Kwamba chupa imeandikwa haina sumu haimaanishi ni ya kupaka usoni. Nunua yenye alama ya KEBS na maandishi ya kuonyesha ni ya ngozi. Na ile dawa nyeusi ya nywele, piko, ambayo kule pwani wengine huchorea maua mikononi mwa maharusi, isiguse uso wa mtoto kamwe. Ina kemikali iitwayo PPD ambayo yaweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge. Hata rangi nzuri haifai kulala usoni, kama tulivyoona. Na sifongo moja haitapita kwa watoto arobaini, kwa sababu macho mekundu na choa husafiri hivyohivyo.

Kwa hivyo sherehe ya watoto ya Desemba itaendelea. Mzazi anayeruhusu ataandika jina la mtoto wake kwa karani wa idara wiki mbili kabla, na Jumapili inayotangulia atapakwa tone moja mkononi tuone kama ngozi inakubali. Walio chini ya miaka mitatu hapana. Mwenye kidonda au upele usoni atachorwa mkononi. Wasiotaka wanyama wataandaliwa meza ya kuchora kwenye karatasi, na kukhu wetu amekubali kuisimamia, nimemshukuru sana. Kila mtoto aje na kitambaa chake cha pamba kilichofuliwa. Dada hatafanya kazi na njaa tena, akina mama wa jikoni wamesikia.

Maji yatachotwa Jumamosi na kuwekwa nyuma ya kanisa, pamoja na mafuta na sabuni isiyowasha. Saa nane watoto wote wataoshwa hapohapo kabla ya kwenda nyumbani. Akina baba ndio watakaoosha. Kila baba ataita jina la mtoto aliye mbele yake kabla ya kumgusa uso, na kama halijui atamwuliza.